Kukodi nyumba na kuishi kijijini Ngada, kisiwa cha Flores: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nauandika baada ya kumsaidia mwanafunzi Mtanzania anayesoma Java kwa ufadhili wa KNB, ule ambao serikali ya Indonesia huwapa vijana wa nchi zinazoendelea. Alitaka kukaa kijijini Flores miezi kadhaa, na maswali yake ndiyo yale yale ninayoulizwa na wengine, basi bora niyajibu mara moja hapa.

Ninazungumzia wilaya ya Ngada, katikati ya Flores, mkoa wa Nusa Tenggara Timur. Watalii wanaijua Bena tu. Wanapiga picha mapaa ya nyasi na Mlima Inerie (mita 2,245) ukiwa umesimama nyuma yake, kisha wanaondoka. Vijiji kama Tololela na Belaraghi vinapata wageni wachache, na wengi humalizia safari ya kuvifikia kwa miguu. Mtu wa kukaa aelekee huko.

Hatua ya 1: Viza

Mwenye kibali cha kuishi cha mwanafunzi aruke hatua hii. Wengine, msiishike ile viza ya kulipia uwanja wa ndege kwa sababu tu ni rahisi. Ni ya siku 30, inaongezwa mara moja tu kwa siku 30 nyingine, na tangu 2025 ukiiongeza unatakiwa ufike mwenyewe ofisi ya Uhamiaji upigwe picha. Ofisi za Flores ziko Labuan Bajo na Maumere. Ukiwa Bajawa, makao makuu ya Ngada, zote mbili ni safari ya kutwa nzima. Omba mtandaoni, kabla hujaondoka, viza ya matembezi ya siku 60. Ukipitiliza, faini ni rupia 1,000,000 kwa kila siku. Viza ya matembezi si ya kazi wala ya utafiti. Mtafiti wa kigeni ana kibali chake kutoka BRIN, taasisi ya taifa ya utafiti.

Beba na kadi ya njano ya chanjo. Pasipoti yenye mihuri ya Kenya, Uganda au Kongo inatosha kukufanya uulizwe.

Hatua ya 2: Kufika

Kuna uwanja mdogo wa ndege Soa, karibu na Bajawa. Ukikosa ndege ya huko, shukia Ende, usishukie Labuan Bajo. Ende hadi Bajawa ni saa nne hivi kwa gari, wakati kutoka Labuan Bajo utakaa barabarani karibu siku nzima, na barabara ya Trans-Flores ni kona juu ya kona. Panda magari ya abiria yanayoitwa *travel*, yanayokufuata mlangoni na kukushusha mlangoni. Kutoka mjini kwenda vijijini kuna bodaboda (*ojek*) na malori yaliyofungwa mabenchi ya mbao. Kama utaendesha pikipiki mwenyewe, uwe na leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki. Upande wa barabara ni ule ule wa kwetu, kushoto.

Acha nafasi katika ratiba. Mlima Lewotobi, mashariki mwa kisiwa, ulipolipuka Novemba 2024 ndege zilifutwa hadi Bali.

Hatua ya 3: Lala kwanza kama mgeni

Usifike ukiulizia nyumba ya kupanga. Fikia kwa wanaopokea wageni, kaa siku kadhaa, sema salamu. Wanaume watu wazima ni *Bapa*, wanawake ni *Mama*, aliyekuzidi umri kidogo ni *Kaka*, awe mwanamume au mwanamke. Nenda na kahawa, sukari na tambuu yenye popoo na chokaa. Kahawa wanayo ya kwao, arabika ya Bajawa, na ni nzuri kuliko utakayonunua dukani, lakini zawadi ni zawadi.

Hatua ya 4: Jua nyumba ni ya nani

Hapa ndipo siku zinapoishia, kwa hiyo nitasema kirefu.

Nianze na kununua, maana kila mtu ananiuliza. Huwezi. Sheria ya Msingi ya Ardhi, Na. 5 ya 1960, kifungu cha 21, inampa umiliki kamili (*hak milik*) raia wa Indonesia peke yake. Kifungu cha 26 kinaongeza kwamba muamala wowote wa kumhamishia mgeni haki hiyo, kwa mlango wa mbele au wa nyuma, ni batili: ardhi inakwenda kwa serikali na fedha uliyolipa huwezi kuidai. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukwambia "tuandike jina la shemeji yangu, wewe ndiye mwenye nyumba", mshukuru kwa chai uondoke. Ipo haki ya matumizi (*hak pakai*) ambayo mgeni anaruhusiwa, miaka 30, ikaongezwa 20, ikahuishwa 30, kwa kanuni Na. 18 ya 2021. Lakini inahitaji kibali cha kuishi, ardhi yenye hati, na nyumba isiyopungua thamani iliyopangiwa mkoa. Nyumba ya kijijini haifikii kiwango hicho hata kwa mbali. Kodi tu.

Sasa unakodi kwa nani? Huku ukoo unaitwa *woe*, na chini yake kuna *sa'o*, yaani nyumba yenye jina lake, wazee wake na mashamba yake. Katika vijiji hivi vya kusini mwa Ngada, mwanamume akioa, kwa kawaida huhamia kwa mkewe, na watoto ni wa upande wa mama. Nyumba inashuka kwa binti. Atakayekupokea, akakuonyesha choo na bomba, akazungumza bei, ni baba wa nyumba, na baba huyo mara nyingi ni mkwe. Si tapeli. Anasimamia mji kwa nia njema kabisa, ila kauli ya mwisho si yake.

Yule mwanafunzi alikubaliana na baba, akatoa nusu ya kodi, akanunua na godoro. Kabla hajahamia, simu ikaingia kutoka Malaysia, ambako vijana na wazazi wengi wa Flores hufanya kazi. Alikuwa dada mkubwa wa mama wa nyumba: nani ameuliza? Baba akanyamaza. Mama akasema tusubiri wazee. Wazee wakasema tumsubiri mjomba, yuko shambani. Mjomba akaja, mtandao ukakata. Wakati wote huo mwenzetu analipia malazi kwingine huku godoro lake limesimama ukutani kwa watu. Mwisho walikubali bila ugomvi, kwa sharti kwamba chumba cha nyuma kibaki kimefungwa kwa mali za familia. Sharti dogo. Wangeulizwa mwanzo, lingetajwa mwanzo.

Basi uliza hivi, kwa mpangilio huu, wote wakiwa wamekaa: nyumba hii ni ya *sa'o* gani? Mwanamke mkubwa wa nyumba ni nani? Ndugu zake wako wapi? Wamepewa habari? Kama yupo aliye mbali, aongee kwa simu mbele yako, na simu ipigwe kutoka penye mtandao mzuri, hata kama ni kupanda mlimani. Usiseme "nitalipa leo nikiwahi". Ukiwa na haraka, wataona aibu kukukatalia, na matatizo yatakuja baadaye.

Kisha ndipo karatasi. Utaonyeshwa moja kati ya hizi:

- Karatasi ya kodi ya ardhi ya mwaka (*SPPT PBB*). Inaonyesha nani anatozwa kodi. Si ushahidi wa umiliki, ingawa watu wengi wataishika kana kwamba ndiyo.
- Barua ya mwenyekiti wa kijiji (*kepala desa*) kwamba fulani anakaa na kulima pale. Inasaidia, na kwa nyumba ya kupanga mimi naikubali, mradi wenye *sa'o* wamesema ndiyo.
- Hati kamili (*sertifikat*). Ukiiona usifurahi mapema. Nyingi zimetoka katika mpango wa serikali wa kusajili viwanja kwa mkupuo (PTSL), na jina lililoandikwa linaweza kuwa la mtu mmoja wakati nyumba nzima inahesabu ardhi hiyo kuwa ya wote. Jina la kwenye hati lisaini, na mama wa nyumba naye asaini.

Wewe uliyezoea Java utaulizia *girik*, karatasi ya kale ya kodi ya ardhi. Usipoteze muda nayo: kanuni ile ile ya 2021 ilizipa karatasi za kale za namna hiyo miaka mitano tu zisajiliwe, na muda huo uliisha Februari 2026.

Kuna programu ya simu ya wizara ya ardhi, Sentuh Tanahku. Itumie kuona kama kiwanja kimepimwa, basi. Kiwanja kisichoonekana kwenye ramani si kiwanja kisicho na mwenyewe. Mimi naamini zaidi kutembea mipaka na mzee wa ukoo, akuonyeshe mawe na miti, na jirani akiwepo. Jirani akikunja uso kwenye kona fulani, umejua.

Jambo la mwisho katika hatua hii: usiombe nyumba ndani ya *nua*, uwanja wa kale. Utautambua kwa makaburi na mawe makubwa katikati, kwa *ngadhu*, ule mti wenye paa kama mwavuli, ambao ni wa babu mwanzilishi wa ukoo, na kwa *bhaga*, kijumba kidogo cha bibi mwanzilishi. Nyumba zinazozunguka hapo zina vyeo, ndiyo maana juu ya paa la moja utaona sanamu ya mtu na juu ya nyingine kijumba. Ukikaribishwa kulala humo, lala barazani walikokuelekeza, chumba cha ndani kabisa usikiingie. Za kupanga ni zile za saruji na bati kandokando ya barabara. Nazo ni za *sa'o*, maswali ni yale yale.

Hatua ya 5: Mkataba

Ukurasa mmoja, kwa Kiindonesia, ulioandikwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Mikataba mirefu ya kuchapa inayopakuliwa mtandaoni siitaki. Hakuna anayeisoma, na msiba ukitokea kila mtu anakumbuka lake. Taja majina, namba za vitambulisho na pasipoti, tarehe, bei, nani anaziba bati likivuja, nani analipa kodi ya ardhi, na vyumba visivyoguswa. Bandika stempu (*meterai*) ya rupia 10,000, saini ipite juu yake. Wasaini mama wa nyumba, mumewe na mzee wa ukoo, na mwenyekiti wa kijiji asaini kuwa amefahamu. Pesa itoke baada ya saini, na risiti (*kwitansi*) papo hapo.

Wenyeji hupenda kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Omba miezi mitatu mitatu.

Hatua ya 6: Jitambulishe

Siku hiyo hiyo, kabla hujafungua begi, nenda kwa mkuu wa *RT*, ambaye kwetu ungemwita balozi wa nyumba kumi, kisha ofisi ya kijiji, na nakala za pasipoti na viza. Si kwa ajili yako tu: kwa Sheria ya Uhamiaji Na. 6 ya 2011, mwenyeji wako anaweza kuulizwa habari zako na inampasa ajibu.

Hatua ya 7: Simu, pesa, umeme

Laini ni Telkomsel, nyingine utazitumia ukirudi mjini. Simu iliyonunuliwa nje ya Indonesia isiposajiliwa namba yake ya IMEI, itakatiwa mtandao. Mgeni wa muda mfupi husajiliwa siku 90 kwenye duka la kampuni ya simu. Mkaaji amalize kwa forodha anapoingia nchini. Benki ni BRI, kwa sababu mawakala wake wa BRILink wako hadi vijijini. Umeme ni wa tokeni kama LUKU. Ukilala kwenye nyumba ya paa la nyasi, mshumaa na jiko la gesi vikae nje. Agosti 2018 moto uliteketeza nyumba nyingi za kijiji cha Gurusina.

Hatua ya 8: Chakula na sherehe

Ngada ni Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na sherehe haiendi bila nguruwe na *moke*, pombe ya utomvu wa miti ya jamii ya mnazi. Mwislamu aseme mapema na kwa upole. Wamezoea, mara nyingi watakupa kuku mzima na kisu uchinje mwenyewe. Mjini Bajawa misikiti na mikahawa ya halali ipo. Chandarua usiache, malaria ipo mkoa huu, hasa ukikaa chini karibu na pwani. Bajawa yenyewe iko juu na ina baridi, beba sweta.

Tazama tu tarehe za Reba, sikukuu ya mwaka mpya wa kimila, ambayo kila kijiji huifanya kwa siku zake kati ya mwisho wa Desemba na Februari. Wenye *sa'o* walio mbali wanarudi na watahitaji vyumba, pengine na hicho unacholala. Mkataba usiishie katikati ya siku hizo. Ukitaka kuongeza muda, ombi lako lipeleke wakati huo, sherehe ikishapita na kabla hawajatawanyika, maana wote wa kuulizwa watakuwa nyumbani.