Somo: Kuchagua rimu na tairi ili Hilux isikurushe barabarani

Wakuu, somo la leo ni la wenye pikapu. Nitatumia Hilux kwa sababu ndiyo imejaa huku kwetu. Springi zake za nyuma zimetengenezwa kubeba mzigo, kwa hiyo gari likiwa tupu haziminyiki sana. Kinachobaki kukukinga na mashimo ni upepo uliomo ndani ya tairi, na ukubwa wa rimu ndio unaoamua upepo huo upate nafasi kiasi gani.

Hatua ya 1: Soma namba za ubavuni. Mfano 265/65R17 112S. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 172. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa.

Hatua ya 2: Kipenyo cha nje kisibadilike. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Zidisha inchi za rimu kwa 25.4, kisha ongeza ubavu mara mbili. Hiyo 265/65R17 inatoa milimita 776. Sasa linganisha: 265/70R16 ni 777, 265/60R18 ni 775, 265/50R20 ni 773. Kwa nje zote ni kama sawa. Lakini ubavu wa ile ya 16 ni milimita 185, na wa ile ya 20 ni 132 tu. Umepoteza zaidi ya sentimita tano za mpira na upepo kwenye kila gurudumu! Isitoshe, rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito huo hubamiza shokapu kila tuta. Watu wamebadilisha shokapu zote nne bila nafuu, kumbe tatizo ni rimu. Kama njia zako ni za vumbi na matuta, baki kwenye 16 au 17.

Hatua ya 3: Jaribu rimu kabla ya kulipa. Hilux ya 4x4 (inayoendeshwa na magurudumu yote manne) ina stadi 6 za kufungia rimu, na kipimo chake ni 6×139.7, yaani stadi 6 kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Ukishuka kwenda 16, funga moja mbele na uizungushe kwa mkono, kwa sababu kwenye matoleo yenye breki kubwa inaweza kugusa kalipa, yaani kifaa kinachobana diski ya breki.

Hatua ya 4: Aina ya tairi. Zenye herufi C au LT, yaani za magari ya mizigo, zina ubavu mgumu. Zinamfaa mbeba mzigo. Wa safari za familia atazichukia. Uwezo wa mzigo usishuke chini ya ule wa tairi za kiwandani.

Hatua ya 5: Upepo. Fuata stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime tairi zikiwa baridi. Namba ya psi (kipimo cha upepo) iliyo ubavuni ni kikomo cha tairi, msikubali fundi ajaze kwa kuifuata hiyo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu ilikuja na 225/70R17C. Nikiweka 265/65R17 italainika?*
Italainika, ubavu unapanda kutoka 157 hadi 172. Ila kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 4, kwa hiyo mwendo halisi utazidi unaousoma kwenye dashibodi. Pia tairi hiyo inataka rimu yenye upana wa inchi 7.5 au zaidi. Rimu ya chuma ya inchi 6 haifai.

*Nabeba mahindi. Nipunguze upepo gari litulie?*
Hapana, kaka. Upepo mdogo na mzigo mzito huchemsha tairi hadi ipasuke. Jaza kwa kipimo cha mzigo kilicho kwenye stika, ukishashusha ndipo upunguze.

*Nimepata tairi za mtumba, kashata (meno ya tairi) bado ndefu. Nichukue?*
Dada, tazama tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT yaliyo ubavuni. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira uliozeeka hukakamaa na kupasuka nyufa hata kama kashata ipo. Zikiwa za zamani hivyo, ziache.

*Na spea nayo nibadilishe?*
Ndiyo, iwe na kipenyo kilekile. Ukiingiza 4x4 kwenye lami kavu huku tairi zimetofautiana, gia na difu ndizo zinazoumia.