Somo: piga hesabu ya dagaa toka yai mpaka wavuni

Jamani, kila mwaka hapa Malindi dagaa wakiadimika utasikia tu wamevuliwa wakaisha. Uvuvi unachangia, ndio, lakini zile wiki zao za kwanza hatuziangalii kabisa. Toa simu, fungua kalkuleta.

1. Anza na mayai 10,000. Yanaelea tu baharini bila mlinzi, na kwenye maji ya moto kama yetu yanaanguliwa ndani ya siku chache. Kifaranga anatoka hata mdomo bado, anakula kiini alichobeba tumboni. Mtie kwenye glasi utadhani ni maji matupu, kinachoonekana baadaye ni vijicho viwili vyeusi vinatembea.

2. Kiini kikiisha lazima akute planktoni (vijimea na vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini) hapohapo, asipokuta ndo basi. Johan Hjort, mtafiti wa samaki wa Norwe, alisema tangu 1914 kwamba mwaka wa neema ama wa njaa unaweza kuamuliwa hapa.

3. Tuseme (mfano tu) kila siku wanakufa 10 kwa 100. Zidisha 10,000 kwa 0.9, jibu lizidishe tena kwa 0.9, hivyohivyo mpaka mara 60, yaani siku 60. Wamebaki 18! Sasa vifo viwe 8, tumia 0.92: wanabaki 67. Wawili tu kwa mia wamepungua kufa na samaki wamekaribia mara nne, mimi nilirudia hesabu nikidhani nimekosea.

4. Rudisha 0.9 lakini wakue haraka, wamalize utoto kwa siku 50 badala ya 60, yaani zidisha mara 50. Unapata kama 52. Kwa hivyo chakula kinawafaa mara mbili, hawafi njaa na pia hawakai sana kwenye ile saizi ya kumezwa na kila mtu.

MASWALI

Shela: Kaka, basi tukivua mama wote si neno?
Jibu: La hasha ndugu yangu. Peru walivua anchovi zaidi ya tani milioni 10 mwaka 1970, ikaja El Niño (bahari ya kule kupata joto kuliko kawaida) ya 1972, chakula kikapungua, vifaranga haba na wazazi washavuliwa, wakaporomoka. Dagaa haishi miaka mingi, hakuna wazee wa kuziba pengo.

Ngomeni: Na wale wa kuvulia chandarua?
Jibu: Hapo ndo naumia. Chandarua kinazoa waliokwisha kuvuka njaa na kumezwa, wale 18 wa kwenye kalkuleta yako ndo hao.