Saa janja ya laini: pitia hapa kabla hujalipa

Wiki hii wamenijia wawili hapa Majengo, kila mmoja na saa ya bei mbaya mkononi. "Fundi, haishiki netiweki." Saa zote nzima. Shida ni kwamba hakuna mtandao uliokubali kuzipa laini.

Hatua ya 1. Jua laini inaingilia wapi. Kuna saa zenye kitundu cha laini ya nano kama simu. Na kuna zisizo na kitundu, mfano Apple Watch na Galaxy Watch za LTE (yaani 4G); hizo hutumia eSIM, laini isiyo ya kuchomeka, iliyojengewa ndani. Apple Watch iliyoandikwa GPS tu haina habari ya laini kabisa.

Hatua ya 2. Hapa ndipo hela zinapopotelea. Ukienda duka la mtandao usiulize "mna eSIM?" Watasema ndiyo, wakimaanisha ya simu. Apple Watch hutumia namba ileile ya iPhone yako, hivyo mtandao lazima uwe na huduma hiyo mahsusi kwa saa. Uliza: "Mnaunganisha saa ya modeli hii?" Wakianza kuitana, rudisha pochi mfukoni. Tena saa iliyotengenezewa soko la Marekani inaweza kukosa masafa ya 4G ya huku.

Hatua ya 3. Tuma IMEI (namba ya utambulisho) ya saa kwenda 15090 uone kama ni halali.

Hatua ya 4. Kwa saa ya kitundu, sajili laini kwa NIDA na alama za vidole kama kawaida. Ianzishe kwenye simu: ondoa PIN ya laini, weka bando, piga namba yoyote. Ikikubali, zima saa ndipo uichomeke.

Hatua ya 5. Laini hiyo ina namba yake. Ukitaka simu ukiiacha nyumbani watu wakupate, piga kwenye simu **21*namba ya saa#. Kufuta ni ##21#. Dakika zinakatwa kwenye laini ya simu, usije ukanilaumu.

Chaji sasa. Saa ikiwa jirani na simu hutumia Bluetooth, ikiikosa hutafuta waifai, laini huja mwisho. Apple wakitaja masaa 18, ya LTE humo ni 4 tu. Antena yenyewe ndogo, kwa hiyo netiweki ikiwa hafifu inahangaika na kula chaji. Yangu nikienda nayo kwenye zabibu Hombolo, alasiri imeshazima. Nikibaki mjini inafika usiku.

MASWALI

Nkuhungu: Mkuu, natumia Android. Apple Watch itanifaa?
— Hapana, bila iPhone huianzishi. Na Galaxy Watch kuanzia ya 4 haitaki iPhone.

Kisasa: Nataka ya mwanangu wa darasa la tatu, nijue alipo.
— Mama, sajili laini wewe mzazi. Ila akiwa darasani GPS haioni anga, saa inakisia kwa waifai na minara. Ikikuonyesha yuko mtaa wa pili, usitimue mbio shuleni.

Manyoni: Menyu ya M-Pesa, *150*00#, inafunguka?
— Baadhi ndiyo, baadhi hapana, jaribu dukani. Lakini namba ya siri kwenye kioo kile, ndani ya daladala, jirani anaisoma kabla yako.

Chamwino: Yangu intaneti ipo, kupiga inagoma.
— Huenda ni ya 4G tupu, na mtandao wako hauiruhusu kupiga kwa VoLTE, yaani kupiga kupitia 4G. Jaribu laini ya mtandao mwingine kwanza. Ikigoma, ilete niione, Jumapili sipo.