Namna ya kuandika hadithi ya waganga wanaowaasi wanyapara wao

Kabla hujampa mganga wako uwezo wa kuita radi, mjenge kwanza nyapara wake, kwa sababu msomaji hatausadiki uasi ikiwa mtesi mwenyewe ni kivuli tu. Mpe daftari la majina, shamba la kusimamia na bwana wa mbali anayemwogopa. Huko Bunyoro, magharibi mwa Uganda, mwaka 1907, watu waliwakataa machifu wa Kiganda, yaani kutoka Buganda jirani, waliowekwa juu yao chini ya utawala wa Waingereza, na harakati yao ikaitwa Nyangire, yaani "nimekataa". Aliyewakera kila siku hakuwa Mzungu wa mbali bali jirani aliyetumwa naye, na silaha yao ya kwanza ilikuwa kukataa. Kwa hiyo anza na mganga anayeamriwa kuliletea mvua shamba la nyapara, akabaki ameketi, mikono mapajani.

Kisha jibu swali ambalo waandishi wengi hulikwepa: ikiwa wana nguvu, kwa nini hawajajikomboa? Uganga usio na mpaka huiua hadithi. Uwekee mpaka unaoonekana: labda nguvu haiji bila ngoma, na ngoma zote zimefungiwa ghalani kwa nyapara.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Muhumuza, mwanamke aliyesema kwa niaba ya Nyabingi, roho iliyoabudiwa huko, alikamatwa mwaka 1911 na kuwekwa Kampala hadi alipofariki mwaka 1945, lakini Nyabingi hakufungwa pamoja naye, kwani wapo wengine waliodai kusema kwa sauti yake na upinzani ukaendelea. Tafakari jambo hilo kwa makini unapounda ulimwengu wako: nguvu inayohama kutoka mtu hadi mtu humfanya nyapara amshuku kila mpishi na kila mchunga mbuzi, na humlazimu kiongozi wa waasi akubali kwamba si yeye anayehitajika. Hapo utapata wivu, hofu na usaliti bila kuvitafuta mbali.

Chunga pia maneno. Katika Kiswahili mganga na mchawi ni watu wawili tofauti, mmoja huponya na mwingine hudhuru, ilhali Sheria ya Uchawi ya mwaka 1912, ya serikali ya kikoloni nchini Uganda, ilitumiwa hata dhidi ya watumishi wa Nyabingi. Basi acha wanyapara waandike "mchawi" daftarini kila mahali, wahusika wako waitane "mganga", na siku mmoja wao atakapojiita mchawi mwenyewe, msomaji atajua kwamba jela imekwisha kuingia moyoni mwake.

Vita viandike mwisho. Anza na usiku uliotangulia, ghalani, wakati mtu wa kwanza anapoigusa ngoma iliyokatazwa naye bado hajui kama itamwitikia.