Unataka vitabu vya RPG vya zamani? Anza na PDF, karatasi baadaye

Watu wengi wakianza kutafuta vitabu vya RPG za mezani (gemu za kuigiza wahusika kwa sheria na dadu) vya miaka ya 70 na 80 wanakimbilia kopi za mtumba, wanakuta bei imepaa na kitabu chenyewe kimechoka, kurasa zinachomoka, basi wanakata tamaa. Hakuna haja ya kuteseka hivo. Vingi vimesharudi sokoni kihalali, ama kama PDF ama kama kopi inayoprintiwa ukishaweka oda, na ukijua cha kuangalia kabla hujalipa unapata kitabu cha kutumia mezani miaka na miaka. Usipojua utaletewa kitu chenye ukungu wa kijivu kila ukurasa na ramani iliyokatwa katikati.

Msimamo wangu nausema mapema: nunua PDF kwanza, ikague vizuri, ndo uamue kama inastahili karatasi. Najua kuna vifurushi vya kopi pamoja na PDF, na ukitenganisha manunuzi huenda ukalipa zaidi kidogo, ila hiyo nyongeza ni ndogo kuliko hasara ya kitabu kizima kisichosomeka, manake kopi ya oda inachapwa kwa ajili yako tu na kwa kawaida hairudishwi eti kwa sababu hujaipenda.

Pa kutafuta. Dungeons & Dragons ilitoka 1974 chini ya kampuni ya TSR, kampuni ya Wizards of the Coast ikainunua TSR mwaka 1997, kwahiyo vitabu vya TSR vya zamani vinauzwa kwa ruhusa yao kupitia maduka ya mtandaoni ya DMs Guild na DriveThruRPG. Call of Cthulhu (1981) na RuneQuest (1978) angalia kwa wachapishaji wake, Chaosium wenyewe. Traveller ya 1977 nayo ipo DriveThruRPG. Ukifungua ukurasa wa bidhaa usiishie kwenye picha ya kava na nyota, shuka mpaka chini usome maswali na malalamiko ya wanunuzi, kule ndo utakuta mtu ameandika ukurasa fulani haupo au maandishi yamefifia. Pia angalia tarehe ya malalamiko, maana saa zingine faili lilishabadilishwa na skani mpya na lawama za zamani zimebaki pale pale.

Kuna vitabu hutavipata vikiuzwa upya kihalali hata ukeshe, hasa gemu zilizojengwa juu ya filamu au katuni kubwa. Leseni ikishaisha, kampuni iliyotengeneza gemu haina tena haki ya kuuza. Star Wars ya West End Games ya 1987 ilirudishwa kwa karatasi na Fantasy Flight Games mwaka 2018, lakini vitabu vingine vingi vya mfululizo ule vimebaki vya mtumba tu. Hapo tafuta kopi ya zamani, na uachane na tovuti zinazogawa skani za wizi, kwa sababu wenye haki wakiona hakuna anayelipia vitabu vya zamani hawatahangaika kuskani vilivyobaki.

Sasa ukaguzi wenyewe, hapa usiwe na haraka. Kabla ya kulipa fungua kurasa za bure za kuonjea, zuum mpaka asilimia 300 kwenye jedwali lenye namba ndogo. Kama 3 na 8 zinafanana, au 6 imeziba na kuwa doa, kwenye karatasi haitakuwa bora, itakuwa mbaya zaidi. Halafu angalia rangi ya nyuma ya maandishi. Skani nzuri ina nyuma nyeupe kabisa, skani ya ovyo ina kivuli cha karatasi iliyozeeka, ambacho kwenye skrini unakivumilia ila ikichapwa kwa nyeusi tupu kinageuka vidoti vidoti kila mahali.

Ukishainunua, fanya hili jaribio: sachi "1d6" (yaani dadu moja la pande sita) ndani ya PDF. Kitabu kimejaa dadu lakini unapata matokeo mawili matatu tu? Sachi sasa "ld6" kwa herufi ndogo ya L, uone yanavyomiminika. Kompyuta iliyosoma ile skani imechanganya 1 na l, na hilo ni kosa la kawaida sana kwenye skani za fonti za zamani. Kwa kuchapa haidhuru kitu, maana kinachochapwa ni picha ya ukurasa, lakini kama ulipanga kutumia tableti mezani na kutafuta sheria haraka mchezo ukiwa umepamba moto, utahangaika. Angalia pia kama kuna orodha ya sura ya kubonyeza pembeni, kwenye kitabu cha kurasa 300 hiyo peke yake inaamua kama faili linatumika au halitumiki.

Kitu kingine, daunlodi siku hiyo hiyo na uweke nakala sehemu mbili. Aprili 2009 Wizards waliondoa PDF zao zote sokoni ghafla, na hata waliokuwa wameshalipia hawakuweza tena kudaunlodi, zikarudi kuuzwa Januari 2013. Kuwepo kwenye maktaba yako ya mtandaoni sio sawa na kuwepo kwenye diski yako.

Tuje kwenye karatasi. Kama ndani ni nyeusi na nyeupe, na vingi vya zamani viko hivo, hakuna haja ya kulipia uchapaji ghali. Kama kina picha za rangi utakuta daraja mbili, rangi ya kawaida ambayo inatoka hafifu kidogo kwenye karatasi nyepesi, na rangi ya hali ya juu. Kwa kitabu cha kusoma sheria ya kawaida inatosha kabisa, ya juu iache kwa kile ulichokipendea michoro. Jalada gumu linapendeza kwenye shelfu, ila usidhani limeshonwa kama vya zamani, kopi za oda kwa kawaida ni za gundi, kwahiyo ukikilazimisha kilale wazi mezani mgongo unapasuka. Mimi kwa kitabu cha kufunguliwa kila wiki nachagua jalada laini. Au, kama masharti ya faili yanaruhusu kuprinti kwa matumizi yako, chapa sura unazozihitaji tu ubane kwa spairo, inalala bapa na ikichafuka hulii.

Ramani ndo ishu kubwa. Zile moduli nyembamba za TSR (vijitabu vya safari moja ya kucheza) zilikuwa na kava lisiloshikizwa, ramani ya bluu imechapwa ndani yake, msimamizi wa gemu analisimamisha mbele yake kama kizuizi, wachezaji hawaoni kitu na yeye ramani iko usoni. Kwenye kopi ya oda kava limegandishwa, ramani imehamia kurasa za mwisho, mara nyingi imegawanywa kurasa mbili na mstari wa katikati unamezwa na gundi, chumba kizima kinaweza kupotelea pale. Mabango makubwa ya kukunjua nayo hayaji kabisa kama bango, yanakatwa vipande. Kwahiyo hata ukiwa na kopi nzuri, toa ramani kwenye PDF, iprinti peke yake kwa karatasi kubwa, na hapo utaipenda PDF yako kuliko kitabu.

Ukikuta skani ni mbovu na hakuna nyingine, kuna njia ya pembeni: sheria zilizoandikwa upya na watu wengine kwa mpangilio safi. OSRIC ya 2006 inafuata AD&D toleo la kwanza (yaani Advanced D&D), na Old-School Essentials ya 2019 imepanga vizuri mno sheria za D&D za 1981 zilizoandaliwa na Moldvay na Cook. Nachoshauri, tumia hizo kuchezea mezani, na ile skani ya zamani isome kwa ladha, sauti ya waandishi wa mwanzo haipatikani kwingine.

Kopi ikifika usiiweke kwenye shelfu hapo hapo. Pitisha kurasa zote kwa kidole ukiwa na PDF wazi pembeni, angalia zimefuatana, hakuna iliyogeuzwa chini juu, hakuna maandishi yaliyokatwa ukingoni, kava halijakaa upande. Kosa la mashine likiwepo, piga picha ukurasa husika na mgongo wa kitabu, waandikie wauzaji na namba ya oda mapema, kwa kosa la uchapaji kwa kawaida wanakutumia kopi nyingine. Ila kama doa hilo hilo lipo kwenye PDF, hilo ni la skani, na kopi ya pili itakuja nalo vile vile.