Kabla Hujaitafuta Betri Iliyopotea kwenye Hackintosh

Ukiweka macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, kwenye laptopu isiyo ya Apple (ndiyo Hackintosh hiyo), ugonjwa unaojitokeza mapema mara nyingi ni huu: alama ya betri haionekani kabisa juu ya skrini, au ipo lakini inaonyesha asilimia 0 hata chaja ikilala nayo usiku kucha. Aliye na jenereta anaweza kuishi nayo. Hapa Lamu, stima inapokatika katikati ya kazi, mashine kama hiyo inaendelea kula betri kimyakimya. Mfumo haujui kama kuna betri, kwa hiyo haukuonyi wala haujilazi usingizi chaji ikiwa ukingoni. Inazimika ghafla kama koroboi iliyoishiwa mafuta, na kazi uliyokuwa hujaihifadhi inaenda nayo. Kijana mmoja wa hapa mtaani alipoteza hivyo mabango ya Maulidi aliyoyachora siku mbili, na aliponiletea mashine neno lake la kwanza lilikuwa, "Fundi, betri imekufa."

Betri haikuwa imekufa. Lakini si kila anayekuja na malalamiko hayo huwa amekosea, ndiyo maana jambo la kwanza ni kuipima betri yenyewe kabla ya kugusa faili yoyote. Nimewaona watu wakikesha wiki nzima wakirekebisha programu kwa ajili ya betri ambayo hata Windows haiioni.

Kipimo ni rahisi. Andaa flashi ya Linux ile inayowaka bila kusakinishwa, washa laptopu nayo, kisha fungua folda ya /sys/class/power_supply. Ukikuta BAT0 au BAT1 humo, ujue betri inazungumza na mashine, na shida iko upande wa macOS. Usipokuta kitu, macOS haina kosa. Ndani ya folda hiyo linganisha energy_full na energy_full_design. Baadhi ya mashine huandika charge badala ya energy. Tuseme ya pili ni 47,500,000 na ya kwanza ni 19,000,000: betri imebakiwa na asilimia 40 ya uwezo iliotoka nao kiwandani. Hata ukifanikiwa kuifanya ionekane, itakupa saa moja na kidogo pale ilipokuwa ikikupa tatu. Kama una Windows kwenye mashine hiyo, amri ya powercfg /batteryreport itakupa hesabu iyo hiyo kwa jedwali zuri zaidi.

Betri isiposomeka popote, zima, chomoa chaja, itoe betri na utazame meno yake. Sisi tunaokaa karibu na maji tuna adui ambaye mafundi wa bara hawamjui sana: hewa ya chumvi. Inajenga ukungu wa kijani kwenye shaba, na ukungu huo unatosha kukata mazungumzo kati ya betri na ubao mama hata kama umeme wenyewe bado unapita. Pamba kidogo na spiriti safi ya kusafishia, acha vikauke, rudisha. Na ukiona betri imevimba, imeinua kibodi au padi ya kipanya, mambo ya programu yameisha hapo. Usiichaji tena, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Agiza nyingine, na uhesabu siku za basi hadi Mokowe na boti ya kuvuka.

Sasa tuseme Linux inaiona vizuri. Kabla ya kuandaa dawa, elewa kwa nini macOS haiioni, la sivyo utakuwa unanakili faili za watu kwa kubahatisha. MacBook halisi ina kidhibiti chake, SMC, ambacho ndicho kinachoupa mfumo habari za betri. Laptopu ya kawaida haina hicho. Ina kidhibiti kingine kwenye ubao mama, EC, na habari zake hupitia majedwali ya ACPI, yanayouelezea mfumo vifaa vya mashine, yaliyomo ndani ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha laptopu. Jedwali kubwa huitwa DSDT, na humo betri imesajiliwa kwa namba PNP0C0A, pamoja na maelekezo mawili: _BIF linaloeleza betri ni ya aina gani, na _BST linaloeleza hali yake sasa hivi. Kuna vikwazo viwili. Cha kwanza, hakuna SMC wa kuulizwa. Cha pili, macOS husoma EC kwa vipande vya biti 8 tu, ilhali watengenezaji wengi wa laptopu wameandika chaji iliyobaki au volteji kwa biti 16 na zaidi. Mfumo ukigonga kipande kikubwa, unashindwa, na betri inapotea. Angalia kwamba kuchaji kwenyewe hakuathiriki; hiyo ni kazi ya EC, haingoji ruhusa ya macOS. Ndiyo maana taa ya chaja inawaka kama kawaida na watu wanachanganyikiwa.

Zamani dawa ya kikwazo cha pili ilikuwa kuifungua DSDT na kukata vipande vya biti 16 viwe viwili viwili vya biti 8, mstari kwa mstari, kazi ya kuumiza macho. Siku hizi kiendeshi kiitwacho ECEnabler huiruhusu macOS isome vipande vikubwa bila kukata chochote, na kwa mashine nyingi hicho kinatosha. Kikwazo cha kwanza kinatatuliwa na VirtualSMC, anayejifanya SMC, pamoja na mwenzake SMCBatteryManager anayeshughulikia betri. Vyote hivi vinamtegemea Lilu, kiendeshi cha msingi, kwa hiyo kwenye config.plist, faili ya mipangilio ya OpenCore (programu inayoiwasha macOS kwenye mashine isiyo ya Apple), Lilu aorodheshwe mwanzo, VirtualSMC afuate, wengine baadaye. Kama ulirithi usanidi wa zamani wenye ACPIBatteryManager, utoe. Yeye na SMCBatteryManager hawakai nyumba moja.

Vipakue vyote mapema, pamoja na nakala ya OpenCore ya toleo lile lile unalotumia, uviweke kwenye folda moja. Faili ni ndogo, hazimalizi bando. Tatizo ni kwamba ukikwama na mashine haiwaki, utakuwa unazitafuta kwa simu, na kufungua faili za zip kwa simu saa sita usiku ni adhabu.

Flashi ile ile ya Linux ina kazi ya pili: nakili faili ya /sys/firmware/acpi/tables/DSDT uiweke pembeni. Hiyo ni DSDT ya mashine yako, ya BIOS yako, haijaguswa na mtu. Usikubali ya rafiki hata kama laptopu zenu ni pacha. BIOS ikisasishwa jedwali linaweza kubadilika, na DSDT ya BIOS ya zamani juu ya BIOS mpya huleta vitimbi ambavyo hutajua vimetoka wapi. Kwa hiyo kama unataka kusasisha BIOS, isasishe kwanza, tena betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Stima ikikatika katikati ya zoezi hilo bila betri, utabaki na sinia, si laptopu. Baada ya hapo iache.

Wenye ThinkPad kama T440, T450 au X240 wajue kwamba mashine hizo hubeba betri mbili, moja ndani na moja nje. Mara nyingi huhitaji faili ya SSDT, yaani jedwali dogo la nyongeza la ACPI, inayoziunganisha zionekane kama moja, kwa hiyo usishangae ECEnabler peke yake ikikuletea asilimia za ajabu. Kama una Windows au Linux pembeni kwenye diski hiyo hiyo, kumbuka pia kwamba OpenCore hupaka marekebisho ya ACPI kwa kila mfumo unaowashwa kupitia kwake. SSDT yoyote unayoongeza iwe na sharti la _OSI ("Darwin"), ili ifanye kazi kwenye macOS tu.

Tazama pia utambulisho uliouchagua, yaani jina la modeli ya Mac ambalo OpenCore huipa laptopu yako. Kuna watu wameipa laptopu jina la iMac kwa sababu kichakataji kilifanana, na mfumo ukaichukulia kama kompyuta ya mezani. Ipe jina la MacBook.

Kuhusu njia ya kurudi sina mzaha. Nakili folda nzima ya EFI, ile yenye OpenCore na viendeshi vyake, inayofanya kazi leo, hata kama haioni betri, kwenye flashi ya FAT32, kisha uwashe laptopu kwa flashi hiyo mpaka uione dawati la macOS. Flashi ambayo hujaijaribu usiihesabu. Mafaili yako muhimu yawe kwenye diski nyingine. Halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uwashe, utazame. Mtu anayeweka viendeshi vinne kwa mpigo hatajua ni kipi kilichomponya wala kipi kilichomuua.

Na kabla ya yote hayo jiulize kama safari inalipa. Leseni ya macOS inaruhusu kompyuta za Apple pekee, kwa hiyo ukipotea huna pa kushtaki. Isitoshe, mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe, yaani 26, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, ambazo ndizo Hackintosh huziiga. Anayetaka mashine ya kuhariri video miaka mitano ijayo namwambia waziwazi aweke Linux. Aliye na programu moja anayoihitaji mwaka huu na mwakani, namsaidia.

Yule kijana wa mabango nilimsaidia. ECEnabler ilitosha. Nilichomoa chaja mbele yake, tukangoja namba ishuke kutoka 84 hadi 83, kisha nikaandika toleo la BIOS na tarehe kwenye kipande cha plasta nikakibandika chini ya laptopu.