Kuchagua Amplifaya ya Spika za Omu 4

Spika za nyumbani zilizoandikwa omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) nyuma yake hudai mkondo mwingi wa umeme, na hapo ndipo amplifaya nyingi zinazouzwa Kampala hushindwa, hata kama boksi limejaa maelfu ya wati za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu. Takwimu hiyo ipuuze kabisa. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ya kudumu, zilizotajwa pamoja na omu zilizotumika kuzipima.

Anza na spika yenyewe. Ukinzani wake hupanda na kushuka sauti inapotoka kwenye besi kwenda juu, na kanuni ya kimataifa ya IEC inaruhusu ushuke hadi asilimia 80 ya ulioandikwa, yaani omu 3.2. Wako watengenezaji wasiojali mpaka huo. Ukipata mchoro wa ukinzani, angalia mahali unaposhuka zaidi: ukishuka katika besi, kazi ya amplifaya ni nzito, kwa kuwa nguvu nyingi ya muziki iko huko. Usipoupata, zima mtambo, chomoa waya za spika na upime kwa mita ya fundi. Spika ya omu 4 kwa kawaida husoma 3 na kitu, na ya omu 8 hukaribia 6. Kipimo hicho hakikuonyeshi mabadiliko yote, lakini hufichua lebo ya uongo.

Kisha soma idadi ya desibeli za spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa, kwa uangalifu, maana hapa wanunuzi wengi hudanganyika. Kipimo cha kawaida hutumia volti 2.83, ambazo kwa omu 8 ni wati 1 lakini kwa omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 inayotajwa kuwa na desibeli 87 kwa volti hizo hutoa 84 tu kwa wati 1, umbali wa mita 1. Ukikaa mita 3 mbele yake sebuleni, kadiria upotevu wa desibeli 6, kwa kuwa kuta na spika ya pili hurudisha sehemu ya sauti. Zinabaki 78. Ukitaka vilele vya muziki vifike 100, unahitaji desibeli 22 zaidi, na kwa kuwa kila desibeli 3 hudai wati mara mbili, hesabu inafika karibu wati 160 kwa kila spika. Kwa msikilizaji wa taratibu, robo yake inatosha.

Sasa linganisha wati za amplifaya katika omu 8 na omu 4. Inayotoa 80 na kufikia 160 ina transfoma na ugavi wa umeme imara. Inayotoka 80 hadi 110 imeanza kuishiwa mkondo. Isiyotaja omu 4 popote, mimi singeinunua kwa spika hizi. Risiva (amplifaya zenye redio ndani) nyingine zina swichi ya omu 4, ambayo mara nyingi hupunguza volti ili chombo kisichemke; mkondo hauongezeki. Usiunganishe jozi mbili za omu 4 sambamba pia, kwa kuwa amplifaya itaona omu 2.

Amplifaya iliyotumika kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, ilhali soketi za Uganda zina volti 240, hivyo inahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi matumizi yake. Mahali ambapo umeme hushuka jioni, ongeza stebilaiza, kwa sababu amplifaya isiyo na kidhibiti cha ndani hupoteza wati volti zinapopungua.

Waya za shaba za milimita mraba 2.5 zinatosha kwa mita 5. Nyembamba mno hula sehemu ya nguvu inayotakiwa na spika. Acha nafasi juu ya amplifaya ipumue, na usiifunike kwa kitambaa cha urembo. Baada ya kuunganisha, cheza wimbo wenye besi nzito kwa nusu saa: sauti ikianza kukwaruza, punguza mara moja, kwani mawimbi yaliyokatwa vichwa huunguza twita, spika ndogo ya sauti za juu, haraka. Amplifaya ikijizima au ikipata joto usiloweza kuligusa, haiziwezi spika hizo.